Rangi kali haikuwa na kosa: kisa cha nyumba ya mawe, Mkomani

Nyumba yenyewe iko Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa kale wa Lamu, ndani kabisa ya vichochoro. Ukuta wake wa njiani hauna dirisha la maana hata moja. Ukipita nje hujui ndani kuna nini, na hivyo ndivyo walivyotaka waliojenga. Anayeishi humo ni mama mtu mzima, mjane, pamoja na binti yake na wajukuu. Mwanawe wa kiume yuko kazini Mombasa na ndiye anayelipia matengenezo. Mimi niliitwa mambo yakiwa yameshaharibika, na katika kazi hii ya kupamba nyumba za watu huo ndio wakati wa kawaida wa kuitwa.

Mama alikuwa amechoshwa na weupe. Akaenda duka la vifaa vya ujenzi, akachagua feruzi kwenye kadi ya rangi, feruzi kali isiyojificha, ya aina ya rangi ya maji yenye mng'ao ambayo mafundi huiita silki. Akapatikana kijana mwenye rola. Msana wa tini na msana wa yuu, vyumba viwili virefu vinavyofuatana, vikapakwa kuta zote, kuanzia sakafuni hadi penye boriti. Kaskazi nzima majirani walikuja kutazama, wengine wakapiga picha. Masika yalipoingia, ukuta ukaanza kutoa malengelenge usawa wa kiuno, na ukiyatoboa unakuta unga mweupe wa chumvi. Mvua zilipokwisha, rangi ilikuwa ikibanduka vipande vya ukubwa wa kiganja, na wajukuu walikuwa wameshaifanya mchezo.

Hapo kila mtu alitoa hukumu yake. Mwana wa Mombasa aliniambia kwa simu kwamba alionya tangu mwanzo: nyumba ya Lamu ni nyeupe, na wageni wanaopanga sabule yao, yaani chumba cha wageni, wanaufuata weupe huohuo. Fundi mzee wa mtaa, ambaye mimi namwita ami, alisema nyumba ya mawe haipendi rangi kali, basi. Binti alilaumu duka. Mama mwenyewe hakulaumu mtu. "Mwanangu," aliniambia, "mato yangu yamechoka. Weupe mtupu ni wa sanda na wa hoteli. Mimi sijafa, wala siuzi vitanda." Binti akacheka, maana kitanda cha sabule huuzwa mara kwa mara, na pesa yake ndiyo inayonunua mchele.

Hukumu ya ami ndiyo iliyonishughulisha zaidi, kwa kuwa ndiyo inayosikika sana Lamu. Feruzi imebanduka, kwa hiyo rangi kali haifai. Lakini chumba cha pembeni, ambacho hulazwa magodoro na masanduku, kilikuwa kimepakwa silki nyeupe ya kampuni ileile miaka kadhaa nyuma. Nikaomba tusogeze masanduku. Nyuma yake ukuta ulikuwa na malengelenge yaleyale na chumvi ileile, usawa uleule wa kiuno. Hakuna aliyeyaona kwa sababu malengelenge meupe juu ya ukuta mweupe hayampigii mtu kelele. Feruzi haikuleta maradhi ya ukuta. Ilichofanya ni kuyaonyesha.

Maradhi yenyewe yanaeleweka. Kuta hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo wa chokaa, unene wake nusu mita au karibu na hapo, bila kizuizi chochote cha unyevu chini ya msingi. Maji hupanda kutoka ardhini, yakichukua chumvi iliyomo ndani ya jiwe lenyewe, ambalo asili yake ni bahari. Ukuta uliopigwa plasta ya chokaa na kumalizwa kwa chokaa huyaachia maji hayo yatoke polepole kama mvuke, na chumvi kidogo inayobaki juu hupanguswa. Rangi ya plastiki huufunga, ukawa kama mtu aliyevalishwa koti la mpira juani. Maji hayatoki, yanajikusanya nyuma ya ngozi ya rangi, na chumvi inapoganda inaisukuma ngozi hiyo mpaka ipasuke. Saruji hufanya vivyo hivyo kwa njia yake, na hapa penye viraka vya saruji ndipo palipokuwa pabaya zaidi, kwani kiraka huyasukuma maji yapande juu ya ukingo wake.

Hilo lingetosha kumaliza lawama dhidi ya rangi kali kama jambo lingekuwa la ufundi tu. Lakini mama alikuwa na lalamiko jingine, alilonieleza kwa sauti ya chini kana kwamba anaona haya: hata kabla ya masika, hata ilipokuwa nzima, feruzi ile ilikuwa haimpi raha aliyoitarajia. Dukani ilikuwa ya furaha. Nyumbani, wageni walioketi msanani walionekana kama wana homa. Na zidaka, vile vishubaka vya ukutani ambavyo ni fahari ya nyumba, zilionekana chafu.

Kwa asiyejua nyumba hizi, mpango wake ni huu. Unaingia kwa daka, kibaraza cha mlangoni, unapita tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, unatokea kiwandani, uwanja wa ndani ulio wazi juu. Kutoka kiwandani vyumba vinafuatana kwenda ndani, vikiwa virefu ubavuni na vyembamba kina: msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha chumba cha mwisho kiitwacho ndani. Kila kimoja kimeinuka kidogo kuliko kilichotangulia. Wembamba wake unatokana na boriti, kwa kuwa mti wa mkoko huweza kuvuka mita mbili na nusu hadi tatu hivi na kubeba dari ya mawe, si zaidi. Mwanga wote unatoka kiwandani. Kwa hiyo kila ukipiga hatua kwenda ndani unapanda na giza linaongezeka, na mwisho wa safari hiyo, ukutani mwa ndani, ndipo zilipo zidaka: safu kwa safu za vishubaka vya plasta iliyochongwa, ambamo zamani zilipangwa sahani za kaure za Uchina na vitabu.

Tukianza na zidaka. Chokaa ya miaka mingi haiwi nyeupe kabisa. Ina umanjano kidogo ndani yake. Ukiiona peke yake unaiita nyeupe. Iweke karibu na feruzi, na jicho linafanya kazi ambayo hukuliamuru: huisukuma rangi ya jirani kuelekea kinyume cha feruzi, yaani upande wa chungwa. Umanjano ule mdogo ukazidi kuonekana, na mama akauona kama uchafu. Akaamuru zisuguliwe. Zilisuguliwa, hazikutakata, kwa sababu hazikuwa chafu.

Jambo hili lina historia yake. Michel Chevreul, mkemia wa Ufaransa, alikuwa msimamizi wa utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, wakati wateja walipolalamika kwamba nyuzi nyeusi hazina weusi wa kutosha. Alizipima akazikuta hazina kasoro. Kasoro ilikuwa jirani yake: nyuzi za buluu na zambarau zilizofumwa kando zilikuwa zinauchosha weusi machoni mwa mtazamaji. Mwaka 1839 alichapisha kanuni zake za rangi zinavyobadilishana zikiwekwa pamoja, na wachoraji wa Ufaransa wakazitumia kwa vizazi. Bibi zetu walilijua hili kwa mikono. Mtu anayesuka mkeka hachanganyi miyaa iliyotiwa rangi bila kuishika kwanza kando ya miyaa ya rangi nyingine na kuitazama.

Kuhusu nyuso, hapa sababu si ya jicho bali ya mwanga wenyewe. Chumba ni chembamba, kuta mbili ndefu zinatazamana karibu karibu, na mwanga unaoingia kutoka kiwandani unagonga feruzi kabla haujafika kwenye uso wa mtu. Unaporudi umepoteza wekundu. Ngozi yetu, yenye wekundu na udhahabu ndani ya weusi wake, ikiangazwa kwa mwanga usio na wekundu hugeuka ya kijivu. Kila aliyeketi pale alikuwa anamulikwa na ukuta. Dukani hakuna anayepimwa hivyo, kwa sababu kadi ya rangi ina ukubwa wa vidole viwili na haimuliki mtu.

Binti alinionyesha picha kwenye simu yake: kuta za waridi kali za Luis Barragán, msanifu wa Meksiko aliyepewa tuzo ya usanifu majengo ya Pritzker mwaka 1980. Swali lake lilikuwa la haki. Kama huko kuta nzima ni waridi na dunia inazisifu, sisi tumekosea wapi? Nikamwomba atazame vivuli katika picha zile. Nyingi za kuta hizo zimesimama nje, juani, au penye upenyo mkubwa wa jua, na jua la namna hiyo huhitaji rangi yenye nguvu ili isipauke. Msana wa Mkomani haupati jua la moja kwa moja karibu siku nzima. Lamu iko digrii mbili na kitu kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri hutua kiwandani kutoka utosini, linapiga sakafu, na vyumba vinapata kile kinachorudishwa na sakafu hiyo. Isitoshe, jirani wa upande wa mashariki ameongeza ghorofa, na asubuhi ya nyumba hii imepungua.

Sasa, watu wengi wakishaambiwa chumba ni cha giza husema: basi kipake nyeupe kiangaze. Sikubaliani na hili, na hapa ndipo nilipotofautiana na mwana wa Mombasa. Weupe haumiliki mwanga wake wenyewe. Unarudisha unachopewa. Katika kiwanda, penye mwanga tele, weupe ni mfanyakazi hodari, unasukuma mwanga vyumbani. Ndani kabisa, ambako mwanga uliofika ni mchache, ukuta mweupe unarudisha uchache huo na macho yanauona wa kijivu. Rangi nzito ya joto mahali hapo haijifanyi kuwa na mwanga. Inalikubali giza na kulipa sura. Waliojenga walilielewa hili walipozijaza zidaka kaure: walihitaji kitu cha kushika mwanga mdogo uliofika.

Na rangi kali haikuwa ngeni katika nyumba hizi hata kidogo. Boriti za nyumba nyingi za zamani zilichongwa zikapata pande, zikapakwa nyekundu na nyeusi, ndizo zilizofunika kichwa cha aliyelala. Mikeka ya sakafuni ilikuwa na mistari ya rangi. Vitanda vilikuwa na miguu iliyokerezwa na kutiwa nyekundu na nyeusi. Ukutani zikaning'inizwa nguo. Kuta ndizo zilizoachwa na chokaa yake, na kila kinachoondoleka kikabeba rangi. Huu weupe mtupu tunaouita wa Lamu, pamoja na mito ya rangi ya mchanga na boriti zilizosuguliwa mpaka kuwa mbao tupu, umekuzwa sana na picha za majarida tangu wageni walipoanza kununua na kutengeneza nyumba Shela, kijiji cha jirani. Ni mzuri, siukatai. Ila ni mtindo wa juzi, na mtu asiutumie kumnyamazisha mama aliyezaliwa chini ya boriti nyekundu.

Ushahidi ulikuwa juu ya vichwa vyetu. Boriti za msana wa yuu zilikuwa zimepakwa chokaa mara nyingi mpaka zikawa donge. Ami alikwangua moja kwa kisu, taratibu, na chini ya chokaa ikatoka nyekundu ya udongo, kisha ukanda mweusi. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema baba yake alikuwa akiichanganya rangi hiyo. Kuanzia hapo hakuipinga kazi tena, na nasema wazi kwamba bila yeye isingewezekana, kwa sababu vijana wengi wa rola hawajui kuzima chokaa.

Kabla ya rangi yoyote, ukuta ulibidi uvuliwe. Silki ilikwanguliwa kwa vyembe. Hatukutumia dawa ya kuyeyusha, maana dawa hunyonywa na jiwe. Chumvi ilisuguliwa kavukavu kwa brashi ngumu, ikafagiliwa ikatupwa. Wengi huiosha, na kuiosha ni kuirudisha ndani ya ukuta ilikotoka. Viraka vya saruji vilitobolewa, vikazibwa kwa chokaa na mchanga uliosafishwa kwa maji matamu. Maji ni jambo la kuangaliwa sana mjini, kwani visima vingi vina magadi, na chokaa iliyochanganywa kwa maji ya chumvi inatia ukutani kilekile tunachokifukuza. Tulitumia maji ya mfereji, yale yanayotoka kwenye visima vya machuguu ya mchanga ya Shela. Kisha ukuta ukaachwa ukauke karibu kaskazi nzima, wazi, na sura yake mbaya. Huu ndio wakati ambao wenye nyumba hukata tamaa. Mwana alipiga simu zaidi ya mara moja kuuliza pesa zake zimekwenda wapi.

Rangi tuliyochagua ni chokaa yenyewe. Chokaa iliyozimwa na kulazwa majini ndani ya pipa kwa wiki kadhaa, ikachujwa kwa kanga kuukuu, ikafanywa nyepesi kiasi cha maziwa, ikatiwa unga wa rangi uliolowekwa usiku kucha. Si kila rangi inaishi ndani ya chokaa, ambayo ni kali na huzila nyingi. Zinazodumu ni zile za asili ya udongo na kutu ya chuma: manjano ya udongo, nyekundu, kahawia, pamoja na nyeusi. Unga mwekundu ule ambao mafundi huutia kwenye saruji ya sakafu, wanaouita oksaidi, unafaa. Mpaka wake ni kama sehemu moja ya unga kwa sehemu kumi za chokaa kwa uzito. Ukizidisha, chokaa inashindwa kuushika na kila anayeegemea ukuta anaondoka na rangi mgongoni. Ikipakwa kwa mikono myembamba juu ya ukuta uliolowanishwa, inavuta hewa ya kaboni na kurudi kuwa jiwe, sehemu ya ukuta na si ngozi juu yake.

Kaskazi ni kavu, jambo zuri kwa ukuta na baya kwa chokaa, kwa kuwa ikikaushwa na upepo kabla haijashika inabaki vumbi. Kwa hiyo ilipakwa alfajiri na baada ya alasiri, milango ikiwa imefunikwa magunia mabichi.

Mpango wa rangi tuliufuata mwanga, kutoka kiwandani kwenda ndani, na hapa mama na mimi tulibishana sana, kwa raha. Kiwanda kilibaki cheupe, kikatiwa chembe ya manjano ya udongo kuondoa mng'ao wa adhuhuri unaoumiza macho. Msana wa tini kuta zake ndefu zilibaki nyeupe pia. Zile mbili fupi, za miisho, zilipata manjano ya udongo iliyoiva. Sababu ni umbo: chumba chembamba na kirefu, ukizipa nguvu kuta za miisho, zinasogea machoni na chumba kinaonekana kimejaa vizuri badala ya kuwa ujia. Feruzi ilipopakwa pande zote ilikuwa imefanya kinyume, ilizisogeza kuta ndefu ambazo tayari zilikuwa karibu mno. Msana wa yuu ulipata manjano hiyohiyo kuta zote, nzito kidogo zaidi. Na ndani, kuta za ubavuni, nyekundu ya udongo. Zidaka hazikuguswa kwa rangi yoyote. Kila mkono wa rangi unaopita juu ya plasta iliyochongwa unajaza mkato wake, na nyumba nyingi za mji huu zimepoteza nakshi zao kwa kupendwa hivyo. Zilipakwa maji ya chokaa yaliyochujwa mara mbili, mepesi kabisa, kwa brashi ndogo.

Nyekundu karibu na zidaka ilifanya kile ambacho kusugua hakukufanya. Jicho, likiisukuma chokaa kinyume cha nyekundu, liliiondolea umanjano wake. Zilitakata siku ileile. Mama aliuliza tumetia sabuni gani.

Lakini nyekundu ilikuwa na deni lake, na tulilijua kwa sababu hatukupaka chumba kabla ya kupaka jaribio. Tulipaka mraba wa mita moja kwenye ukuta wenyewe, tukauacha ukauke kabisa, maana chokaa mbichi ni nzito na ikikauka inapauka sana, kisha mama akautazama kila akitoka kusali. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha. Sijui kipimo bora kuliko hicho kwa mtu wa pwani. Siku haimpiti, na kila swala ina mwanga wake. Taarifa yake ilikuwa: adhuhuri nzuri, alasiri nzuri mno, magharibi nyeusi.

Alikuwa sahihi. Jan Purkyně, mwanasayansi wa Bohemia, alilieleza jambo hili katika karne ya 19: mwanga unapopungua, nyekundu huzama kwanza na buluu hubaki, kwa kuwa sehemu ya jicho inayofanya kazi gizani haioni wekundu. Tulikuwa na njia mbili. Kubadili rangi ya ndani iwe buluu, au kubadili mwanga wa magharibi. Buluu ingezirudishia zidaka umanjano wao. Tukabadili taa.

Nyumba nzima ilikuwa na balbu za bei nafuu zilizoandikwa 6500K, zile zenye weupe wa buluu ambazo watu huzinunua wakidhani weupe ndio mwanga mwingi. Chini ya balbu hiyo nyekundu ya udongo inakuwa kahawia iliyochoka. Tuliweka za 2700K, zenye mwanga wa joto wa manjano, mbili ndogo chini ya safu ya mwisho ya zidaka na moja ukutani mkabala, zikiwashwa kabla ya magharibi kuingia, si baada. Gharama ya balbu hizo ilikuwa ndogo kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii, na kama ningeambiwa nichague jambo moja tu la kubadili katika nyumba za mji huu, ningeanza na balbu.

Boriti za msana wa yuu zilirudishiwa nyekundu na nyeusi, kwa kufuata mistari iliyopatikana chini ya chokaa. Ami aliifanya kazi hiyo mwenyewe, amelala chali juu ya jukwaa, na hakutaka kijana amsaidie. Dari ikawa nzito. Nilikuwa na wasiwasi kwamba itashuka vichwani mwa watu, na imeshuka kweli, kiasi. Wageni wanaoketi kwenye mkeka hawalalamiki, ila wanaoketi kwenye kochi refu wanaihisi. Kochi limehamishwa.

Na feruzi? Mama hakuwa tayari kuiacha, wala sikuona sababu ya kumwachisha. Rangi aliipenda kwa haki, iliwekwa tu mahali ambapo haiwezi kuishi. Iliyobaki mikebeni haikufaa ukutani, wala mbao hazikuihitaji kwa aina ile, kwa hiyo tulinunua rangi ya mafuta ya feruzi ileile, tukapaka makabati ya jikoni yanayofunguka kiwandani na mabawa ya madirisha mawili yanayotazama uwanja. Pale iko kwenye mwanga wenyewe, juu ya mbao inayoipokea, na haimuliki uso wa mtu. Mlango mkuu wa nakshi, wa bambakofi, haukuguswa. Upande wa nje ya nyumba pia. Mji wa kale uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na anayetaka kubadili sura ya nje anapita kwanza kwa watu wa Makumbusho ya Taifa. Hatukuwa na haja hiyo, kwa kuwa nyumba yenyewe tangu asili haikutaka kujionyesha njiani.

Sabule ilibaki kuwa uwanja wa mwana. Alitaka nyeupe, akapata nyeupe, lakini nyeupe ya chokaa yenye tone la buluu. Hii ni mbinu ya zamani ya pwani, kutia buluu ya kufulia ndani ya chokaa ili weupe ukaze. Inayofaa ni ile ya unga au vidonge, ambayo ni buluu isiyoliwa na chokaa. Ya maji kwenye chupa mara nyingi ni rangi ya kitambaa na inapotea. Mwana alipokuja likizo alikaa sana ndani kuliko sabuleni, akampiga mama picha mbele ya zidaka, na picha hiyo ndiyo aliyoiweka kwenye tangazo la kupangisha chumba. Hakusema kwamba amebadili mawazo, na hakuna aliyemuuliza.

Yamebaki mambo mawili. Ukuta unaopakana na choo bado unatoa chumvi, kwa sababu bomba linavuja ndani yake, na mpaka bomba litengenezwe nimekataa kuupaka rangi yoyote. Mama ameutundikia kanga kwa sasa. Na kila baada ya masika kuta zitahitaji kupanguswa na pengine mkono mmoja wa chokaa usawa wa kiuno, ndiyo maana ami ameandika vipimo vya kila rangi kwa mkaa nyuma ya mlango wa stoo, vikombe vya unga kwa debe la chokaa, na binti amevinakili kwenye simu.